Ukuta wa Chumba cha Ndani

Kache Dzoro alipoomba aonyeshwe chumba cha ndani, Bi. Mwanakuu alimtazama viatu kwanza, kisha uso, kisha akacheka. Miaka yote aliyolipia bima ya nyumba, alisema, hakuna mkaguzi aliyewahi kuvuka sebule. Walikuja wanaume na adabu zao, wakaketi pale pale alipokuwa ameketi Kache sasa, wakanywa kahawa, wakala kaimati, wakauliza kama nyumba haijambo, wakajibiwa haijambo, wakaenda zao.

"Wewe ndiwe wa kwanza kutaka kuona nalala wapi," alisema. "Ndoo basi, mwanangu, upite ndani. Vua viatu."

Kache alivua. Nyumba ile aliipenda tangu mlangoni, na jambo hilo lilimkera, kwa maana hakutumwa kuipenda. Ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka wa tisini na saba, na redio haikuwa na habari nyingine ila mvua za El Nino zinazokuja, mvua ambazo watu wa hali ya hewa walisema hazijaonekana miaka mingi. Kampuni ya Bima ya Nanga ilishikwa na wasiwasi, kama kampuni zote. Ikaamua kukagua upya nyumba zote za mawe za Mji wa Kale kabla tone la kwanza halijadondoka, ili ijue nani atalindwa na nani aambiwe atengeneze nyumba yake kwanza.

Ya Bi. Mwanakuu ilikuwa na lake zaidi. Bwana Badawi, mkuu wa wakaguzi, alikuwa amepenyezewa habari kwamba katika nyumba ile husikika nyundo na patasi, na kwamba ukuta una ufa. Akakata shauri palepale: mjane anauchokoa ukuta wake mwenyewe ili mvua zikija uanguke, naye alipwe. Bima yake ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi, na Badawi alitaka isifufuliwe. Kache, mwanamke aliyekuwa askari kanzu kabla ya kuhamia kazi ya kuwafuata waongo wa bima, ndiye aliyeomba apewe nafasi ya kuona kwa macho kwanza. Badawi alimpa, ila alimpa kwa uso wa mtu anayekupa kiti kibovu.

Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda cha samadari, kasha, na zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, zenye bakuli za kale za maua ya bluu. Kando ya zidaka ndiko ulikoteremka ufa. Ulianzia kwenye boriti za dari ukashuka hadi karibu na sakafu, na sarafu ya shilingi ingeweza kuzama ndani yake. Chini yake kulikuwa na unga mweupe. Kichwa cha kitanda kilikuwa karibu na ufa kiasi kwamba mwenye kulala pale angeweza kuugusa bila kuinuka.

Kache aliuliza nani analala hapo. Bi. Mwanakuu alisema ni yeye na bintiye Shifa, mwalimu wa shule ya msingi.

"Na upande wa pili wa ukuta kuna nani?"

Bi. Mwanakuu aliketi kitandani. Ilionekana kuwa hili ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Upande wa pili, alisema hatimaye, anakaa Abdulghafur, ndugu wa marehemu mumewe. Nyumba mbili zile zilijengwa na babu mmoja na ukuta ule ni wao wote. Zamani ulikuwa na mlango, wanawake wa nyumba hizi wakipita na vyungu vyao na watoto wao bila kutoka nje. Alipomaliza eda tu, Abdulghafur alikuja akaketi sebuleni, akamwambia auze nyumba ahamie pengine. Hakueleza kwa nini. Kesho yake Bi. Mwanakuu aliita fundi, mlango ukazibwa kwa mawe, na tangu hapo hawajasemezana, hata siku ya Idi.

"Sasa yuwautoboa," alisema. "Kila nikienda darsani, Shifa akirudi shule mapema husikia nyundo. Nikirudi mimi, kimya. Alikosa kunitoa kwa maneno, ataka kunitoa kwa ukuta."

Kache aliuliza kwa nini hakwenda kulalamika. Mama yule alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hatembei mtupu. Amshtaki ndugu wa mumewe kwa watu wa nje, alisema, halafu siku ya kufa kwake abebwe na nani.

Kache alipiga magoti mbele ya ufa. Alichukua ule unga mweupe, akausugua kati ya vidole, akautemea mate kidogo. Ulinata. Baada ya muda mfupi akahisi ngozi inamuwasha, akaifuta kwa leso na kuitazama vizuri. Chembe za plasta kuukuu alikwisha kuzishika mara nyingi katika nyumba za mji huu, na hazikuwahi kumwasha.

Kisha alifungua mkoba akatoa vipande vyembamba vya kioo na plasta kidogo. Alivibandika juu ya ufa, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, kila kimoja kikishika ukuta pande zote mbili za ufa. Alimweleza Bi. Mwanakuu kwamba kioo hakijui kupinda. Ukuta ukisogea hata kidogo tu, kitavunjika. Visiguswe, na kitanda kisogezwe upande wa pili wa chumba leo hii. Hilo la mwisho halikuwa katika kazi yake, lakini alilisema hata hivyo, kisha wakasaidiana kukikokota.

Shifa aliporudi alimpandisha juu ya paa. Lilikuwa paa la kizamani la kutandaza, la mawe na chokaa, na ukingo mfupi tu ndio uliolitenga na paa la Abdulghafur. Mtu angeweza kuvuka bila kukunja kanzu. Mlizamu unaotoa maji ya mvua nje ulikuwa msafi, hauna jani wala kinyesi cha kunguru, na kuuzunguka kulikuwa na viraka vya chokaa.

"Mmeusafisha lini?" Kache aliuliza.

"Si sisi. Mama magoti hayampandishi, na mimi huja huku kuanika nguo tu." Shifa aliutazama ule ukingo. "Ina maana huja mpaka huku juu."

Sauti yake ilikuwa ya woga, na Kache akainama juu ya mlizamu. Mtu anayetaka nyumba ianguke huenda akaanza na paa. Hata hivyo, mtu wa namna hiyo huziba mlizamu, hausafishi. Alilitia hilo akilini karibu na kidole kilichokuwa bado kinamuwasha.

Asubuhi yake alitoka nyumbani kwake Buxton akaenda kwa miguu mpaka Bondeni, kwa Kenga, muuza mbao na vifaa vya ujenzi, ambaye walikuwa wakijuana tangu Kache yumo polisi. Kenga hakumficha. Abdulghafur amenunua kwake boriti nene, chokaa magunia kwa magunia, patasi mpya na mbao za kuchonga kabari. Kenga akaongeza na ambalo hakuulizwa, kama kawaida yake: yupo dalali anayezunguka Mji wa Kale akitafuta nyumba mbili zilizoshikana azigeuze nyumba ya wageni, na amewahi kuonekana barazani kwa Abdulghafur.

Ikawa kesi imekaa vizuri. Shemegi anataka kuuza nyumba zote mbili, mjane hataki, basi ukuta uchokolewe. Kache aliipeleka habari ofisini akitumaini kuwa angalau Bi. Mwanakuu ametoka katika shaka. Badawi alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba huenda mama hana hatia, halafu akasema bima haitafufuliwa vilevile. Kampuni inalinda nyumba dhidi ya mvua, hailindi nyumba dhidi ya mashemegi. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ijayo.

Kache alitoka mle ofisini na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa juu yake mwenyewe kwa kupeleka habari mbichi. Mama yule hakuwa na kingine. Mvua ikiiangusha nyumba isiyo na bima, hakuna mkono utakaoweza kuijenga tena, na yeye na mwanawe watakwenda kuwa wageni katika nyumba za watu mpaka mwisho.

Alirudi Mji wa Kale siku mbili kabla ya bima kwisha. Shifa alimpokea mlangoni akiwa amesawijika. Nyundo zimelia wiki nzima, alisema, kila alasiri mama akiwa darsani, na siku moja zililia kwa nguvu hata bakuli moja likatingishika kwenye kidaka.

Kache aliingia chumba cha ndani moja kwa moja. Alipiga magoti, akamulika tochi.

Kioo cha juu kilikuwa kizima. Cha katikati kizima. Cha chini, kizima.

Alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, kisha akakaa chini sakafuni na kuegemea kasha. Wiki nzima ya nyundo, na ukuta haujasogea hata unywele. Hakuna anayebomoa namna hiyo. Na lile vumbi lilikuwa chokaa mbichi, ndiyo maana liliwasha, chokaa iliyosukumwa kutoka upande wa pili mpaka ikatokea huku kupitia ufa. Na mlizamu ulisafishwa. Na boriti ni kitu cha kusimamisha, hakuna aliyewahi kununua boriti ili aangushe. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kikisema jambo moja, naye kwa wiki nzima amekuwa akikisomea mashtaka. Aliona haya, na papo hapo moyo wake ukafurahi, hata Shifa akamuuliza kuna nini cha kuchekesha.

"Ngoja nikahakikishe," alisema. "Mama akirudi, asitoke."

Abdulghafur alikuwa ameketi nje ya mlango wake, mzee mrefu, mkavu, kofia yake ya vito imekaa sawasawa, vidole vyake vimepasukapasuka. Kache alimwamkia shikamoo, akamwambia ni mpelelezi wa bima na angependa kuuona ukuta wa chumba chake cha ndani.

"Marahaba. Ndani kuna mwenyewe, mama wa nyumba," alisema mzee. "Hakuingii mtu."

"Wanaume hawaingii, Mzee. Mimi naingia."

"Ukuta ni wangu."

"Ni wenu wote wawili. Nani amekupasua vidole?"

Mzee aliificha mikono katika mikunjo ya kikoi. Kache alimuuliza kuhusu dalali. Mzee alisema dalali alikuja, yeye akamnywesha chai na kumwambia hauzi, naye dalali akenda zake. Kama kuna kosa katika chai amshtaki. Kache alimuuliza boriti za Kenga ziko wapi. Sauti iliyojibu ilitoka ndani, ya mwanamke, yenye kuchoka.

"Mwache aingie, Abdulghafur. Tutaficha mpaka lini?"

Alikuwa mkewe, Sheikha. Alimshika Kache mkono akampitisha sebuleni, na Kache aliona godoro limekunjwa kwenye pembe, mito juu yake, na sanduku la nguo likiwa chini ya dirisha la njiani. Kisha Sheikha akafungua chumba cha ndani.

Hakikuwa chumba tena. Boriti zilikuwa zimeegemezwa kutoka sakafuni hadi ukutani, nyingine zimesimama wima kubeba dari, kila moja imepigiliwa kabari chini, na baina yake hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kitoto. Mawe mabovu ya ukuta yalikuwa yametolewa moja moja na mapya kutiwa mahali pake, yakashindiliwa chokaa nyeupe iliyokuwa bado na unyevu. Kitanda hakikuwemo. Kilikuwa kimefunguliwa, na Sheikha alimwonyesha miguu yake miwili ya mti wa mtondoo ikiwa imetumika kama mategemeo pale boriti zilipokosa urefu.

Abdulghafur alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao. Sasa kwa kuwa imeonekana, alisema yote, bila kuinua sauti. Ufa aliuona upande wake mara tu baada ya kumzika ndugu yake. Alikwenda kumwambia shemegi yake ahame, lakini hakutaka kumtia hofu mwanamke aliyetoka edani jana yake, basi akasema auze, akaliacha la ukuta. Mlango ukazibwa usoni pake.

"Ningerudi nikamwambia ukuta waanguka, angesema ndiyo njama yenyewe hiyo," alisema. "Na wao vichwa vyao vilikuwa papa hapa. Kulala kwenyewe nilikuwa silali. Nikaona bora niufanye kazi ukuta, nisifanye kazi ya kujieleza. Napiga asipokuwepo, asije akaingiwa na hofu."

"Amekusikia," Kache alisema. "Na hofu alikuwa nayo."

Mzee aliinamisha kichwa. Kache akamwambia ukweli: kwamba alikuja na vioo kumtafutia hatia, na vioo vimemtolea ushahidi yeye, kwamba ameshukuru kuona kazi hii kabla ya mvua, na angeshukuru zaidi kama angeiona kabla ya kumdhania. Mzee alijibu kwamba asijali, hata yeye angejidhania.

Bi. Mwanakuu alikuwa amerudi. Kache hakumsimulia kitu, alimwomba tu ajitande buibui lake amfuate. Mama aligoma mlangoni kwa Abdulghafur, miguu haikutaka. Shifa alimsukuma mgongoni taratibu kama mtoto anayepelekwa chuo cha Kurani, naye akaingia, akapita sebule, akafika mlango wa chumba cha ndani, akasimama.

Aliziangalia boriti kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono akaushika ule mguu wa kitanda uliobeba boriti, akautambua, maana kitanda kile kilikuja nyumbani humo siku ya harusi ya Sheikha na yeye ndiye aliyekitandika. Kisha akageuka. Hakuuliza habari ya ukuta, wala ya nyundo, wala ya kuuza.

"Mwalala wapi?" alimuuliza Sheikha.

"Sebuleni."

"Tangu lini?"

Sheikha alimtazama mumewe. Bi. Mwanakuu aliketi palepale kizingitini akalia, na hakujificha uso. Alisema miaka yote hii amekuwa akimwomba Mungu amkinge na mtu aliyekuwa akimkinga. Abdulghafur alisema basi, shemegi, basi, yamekwisha, lakini na yeye alikuwa akipangusa macho kwa pembe ya kikoi, na Kache akatoka nje kuitazama njia, kwa kuwa kuna mambo ambayo hata mpelelezi hana ruhusa ya kuyakagua.

Kesho yake alimleta Bwana Badawi. Alimketisha sebuleni kwa Bi. Mwanakuu, mahali pale pale, akamwacha anywe kahawa. Alipokuwa amemaliza kikombe alimuuliza kwa upole, ni nani aliyekagua nyumba hii mara zote zilizopita. Badawi alijikohoza. Ni yeye. Aliingia mpaka wapi? Mpaka hapa. Na ufa uko wapi? Badawi alikitazama kikombe, akaelewa. Alikuwa mtu wa kujivuna, si mtu mbaya. Alisema aliona si adabu kuomba kuingia ndani kwa mama wa watu. Kache alimwambia adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya mzee wa jirani asiseme alichokiona, na baina ya waungwana wawili hao ukuta umebaki peke yake.

Bi. Mwanakuu mwenyewe ndiye aliyemwita. "Pita, Bwana Badawi. Nimekwisha kujitanda. Tizama unachokilinda."

Badawi alivua viatu akapita. Aliona vioo vizima, kisha akapelekwa upande wa pili akaona boriti, na huko alikaa zaidi. Aliporudi hakuwa na maneno ya kampuni. Alisema bima itafufuliwa leo, na kampuni itamleta fundi wake amalize ukuta kabla ya mvua, kwa kuwa na kampuni ina deni lake la macho hapa. Masharti ni mawili. Hadi fundi amalize, chumba cha boriti na chumba hiki cha ndani visilaliwe. Na ule mlango uliozibwa usifunguliwe, kwa sababu mawe yale sasa ni sehemu ya kinachoubeba ukuta.

Kache alimtazama Bi. Mwanakuu kwa huruma, akijua kuwa tangu jana mama hakuwa na hamu nyingine ila ule mlango. Mama alijitanda tena buibui lake.

"Vyema," alisema. "Nilimfungia mlango ndani, wasione watu. Tutapatana nje, watu watuone. Tutapita ndiani."

Badawi alikuwa amekwisha kutoa kalamu na kupitia maswali yake ya kawaida, sauti imerudi ya ofisini. Paa, sawa. Kuta, chini ya matengenezo. Maji, sawa. Wakaaji, aliuliza bila kuinua kichwa, ni wawili kama zamani?

"Andika wanne," alisema Bi. Mwanakuu. "Nyumba yangu ina vyumba juu, na wao hawana pa kulala."

Badawi aliinua kichwa aulize ni akina nani hao wengine. Hakuhitaji kuuliza. Sheikha alikuwa akiingia kwa mlango wa mbele, kutoka njiani, mto wake kwapani, na nyuma yake Abdulghafur alikuwa amesimama kwenye kizingiti, anapiga hodi.